Anayenakili Sauti za Mama Saa Saba Mchana

Mpendwa Shangazi Kuei,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili nimepanga kufanya jambo ambalo likishafanyika halirudi nyuma, na sina mtu mzima wa kumwuliza maana watu wazima wangu wote wamo ndani ya jambo lenyewe. Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari ya juu hapa Zhubei, na si mtu wa maneno, nikiitwa darasani nasimama mimi lakini sauti inabaki kwenye kiti. Kwenye karatasi ninaweza kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Mama yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alipokuwa hospitalini alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu mara nne au tano kwa siku, na hayakuwa mambo makubwa, alikuwa akisema chukua mwavuli, mwambie baba yako samaki yule ameshaharibika asijitie ushujaa, nimeota unapiga chafya kwa hiyo vaa soksi, basi hayo tu. Sauti hizo ziko mia mbili na kumi na mbili. Ya mwisho ina sekunde tisa. Mwaka jana betri ya simu ile ilivimba mpaka kioo kikainuka, nikawahi kuzihamishia zote kwenye diski ya nje, kisha simu ikafa kabisa. Sikutaka kuziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni kwa sababu nilisoma masharti yao yote, kurasa arobaini na moja, na nilipomaliza sikujua tena kama sauti ya mama ingekuwa yangu au yao. Ndipo nikachukua pesa nilizopewa kwenye bahasha nyekundu za mwaka mpya, nikanunua kompyuta ndogo, ndogo kweli, kama kipande cha tofu, nikaiunganisha na diski hiyo, nikahangaika nayo wiki tatu nikisoma maelekezo na kukosea na kuanza upya, hadi ikawa hifadhi yetu wenyewe, mtu wa familia anaifungua kwa simu yake popote alipo lakini kila kitu kinakaa nyumbani, juu ya kabati la viatu, pembeni ya ruta.

Baba anafanya kazi kiwanda cha chipu za kompyuta. Siku ya kwanza alikuja na pakiti ya kijani ya vile vitafunio vya mahindi vya nazi akaiegemeza kwenye mashine kama hirizi. "Kwetu hata mtambo wa mabilioni hauwashwi bila hii," alisema. "Kijani, si njano. Haifunguliwi, na hairuhusiwi kupitwa na tarehe. Ukiona mashine inasumbua, kwanza angalia tarehe." Mimi siamini hayo, ingawa baba huyarudia kwa kila mtu anayeingia kwetu, lakini sikuitoa.

Sasa nakuja kwenye shida. Mwaka jana baba alioa tena. Mkewe nitamwita Anti Hsiu-feng, si jina lake. Anafanya kazi kwenye duka la chai na mikate ya asubuhi, anatoka kabla hakujakucha, saa sita mchana amesharudi, na kuanzia hapo hadi saa kumi na moja yuko peke yake nyumbani. Baba aliniambia nimfungulie akaunti. Nilisema nitafungua, nikakaa mwezi. Baba akauliza, "Kwani yeye ni mpangaji?" Nikafungua.

Mashine yangu, Shangazi, inaandika kila anayeingia, ameingia saa ngapi na amegusa nini. Mimi ndiye msimamizi, funguo zote ninazo mimi, na kumbukumbu hizo nazisoma kila nikitoka shule kama wenzangu wanavyosoma katuni.

Siku tuliyotoka kusafisha kaburi la mama nilimkuta Anti amesimama mbele ya kabati la viatu, koti hajavua, ameinamisha sikio kwenye mashine.

"Msomi," akasema, ndivyo anavyoniita, "hiki kisanduku chako kinagonga meno. Tik, tik, halafu kinanyamaza. Kinaumwa?"

"Ni diski, Anti. Inafanya kazi. Ndivyo zinavyolia."

"Zamani haikulia."

"Zamani hukusikiliza."

Akaenda kuosha mboga. Lakini mimi nikajiuliza, mtu ambaye hajui hata kuongeza mwanga wa simu yake anatafuta nini pale?

Kesho yake ndiyo ikaanza. Saa saba na dakika ishirini mchana, akaunti ya Anti imeingia kwenye folda ya sauti za mama. Amepakua ujumbe wa kwanza kwenye simu yake. Dakika mbili baadaye, wa pili. Dakika mbili, wa tatu. Siku hiyo kumi na saba. Siku iliyofuata kumi na tisa, saa ileile. Leo ni siku ya tisa na amefikisha mia moja sitini na tatu. Anakwenda kwa mpangilio, haruki hata mmoja, kama mtu anayehamisha vitu vya nyumba kabla mwenye nyumba hajarudi. Na folda hiyo, kwa kosa langu mwenyewe, niliwapa wote ruhusa sawa, kwa hiyo anaweza kufuta pia. Naamini akimaliza kuzichukua atazifuta, halafu atasema mashine imeharibika, si alishaanza kutangaza kwamba inaumwa?

Kuna na lingine. Juzi nimeona pakiti ya kijani si ileile. Ya baba ilikuwa na vumbi na tarehe yake inaisha mwezi huu. Hii haina vumbi, na tarehe yake ni ya mwezi wa kumi na mbili. Baba hajui lolote, nilimwuliza. Maana yake kuna mtu aliisogeza mashine, pengine akachomeka kitu, pakiti ikapasuka, akanunua nyingine kuficha nyayo.

Nikataka kumpa nafasi ya kusema mwenyewe. Mezani nikamwuliza, "Anti, mchana huwa unafanya nini?"

"Nalala. Mtu aliyeamka saa tisa za usiku afanye nini mchana, acheze dansi?"

"Kila siku?"

"Kila siku, bwana polisi."

Baba akacheka hadi supu ikampalia. Mimi sikucheka, kwa sababu ninazo kumbukumbu na nilijua anasema uongo, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Nimemweleza rafiki yangu mmoja tu, Szu-chi, wa klabu ya kompyuta. Ameniambia, "Una ushahidi wa mahakamani halafu umeukalia kama kuku. Mfute!" Akanionyesha kitufe ambacho sikuwa nakijua. Msimamizi akikibonyeza, simu ya mtu huyo ikigusa tu mtandao, kila alichohifadhi kupitia programu yetu kinafutika, na akaunti inafungwa. Jumapili baba na Anti watakuwa pamoja nyumbani. Nimepanga kuchapisha kurasa za kumbukumbu, niziweke mezani, kisha nibonyeze mbele yao.

Naomba uniambie, nibonyeze kwanza halafu niseme, au niseme kwanza? Naogopa nikisema kwanza atawahi kufuta. Hizo sauti hazipo mahali pengine popote duniani.

Wako,
Mlinzi wa Sanduku

*

Mlinzi,

Usibonyeze.

Nimeliweka neno hilo juu kabisa, hata ukiishia hapo utakuwa umepata ulichokihitaji. Barua yako imenifikia Jumatano. Nilikujibu siku ileile kwenye anwani ya barua pepe uliyoandika, hukufungua, bila shaka hata mimi umeshanishuku. Haya, nakujibu hapa gazetini, na Jumapili ni kesho.

Kwanza pole, mwanangu. Mtu aliyebakiwa na mama wa sekunde tisa ana haki ya kulala na ufunguo mkononi. Sikucheki kwa hilo.

Lakini umeandika barua nzima ya ushahidi na hukuisoma. Nilimpigia mpwa wangu Ping-han, anayetengeneza kompyuta hapa mtaani kwetu, nikamsomea sehemu ile ya tik, tik. Hata hakuningoja nimalize. "Shangazi, diski hiyo inakufa. Inaweza kuishi mwezi, inaweza isifike jioni. Ana nakala nyingine wapi?" Nikamwambia hana. Akaniambia nichukue kalamu, niandike cha kukwambia.

Wewe umesoma kurasa arobaini na moja za masharti, umejenga hifadhi kwa wiki tatu, kila siku unasoma nani ameingia na nani ametoka, na chombo chenyewe kilipokulilia ukasema ndivyo zinavyolia. Aliyekisikia ni muuza mikate. Alikuja kwako, mtaalamu wa nyumba, akakuuliza kwa adabu kinaumwa nini. Ukamjibu "zamani hukusikiliza". Ningekuwa mama yako ningekufinya.

Sasa itazame vizuri orodha yako. Amesikia kisanduku kinaumwa, kesho yake ameanza kunakili. Anapakua mmoja mmoja kwa sababu hajui kuchagua zote kwa pamoja, na hajui kwa kuwa aliyetakiwa kumfundisha alikaa na akaunti yake mwezi mzima. Haruki hata ujumbe mmoja. Anayeiba huchukua kinachomfaa. Mwanangu, yule mwanamke wa saa saba na dakika ishirini anachukua mpaka habari za samaki aliyeharibika!

Na pakiti. Mwizi gani wa hapa kwetu anapita dukani kwanza kuinunulia mashine pakiti mpya, ya kijani, yenye tarehe ndefu? Baba yako husema mbele ya wote kwamba mashine ikisumbua, angalia tarehe. Kuna mtu alimsikia, akaenda kuangalia. Hajui diski, hajui ruta, akafanya lile moja analolijua, kisha akalifanya na la pili, la kukaa chini na simu yake baada ya kusimama tangu saa kumi alfajiri.

Unasema amekudanganya mezani. Ndiyo, amekudanganya, na hilo sitamtetea. Ila ulimwuliza kama polisi, mbele ya mumewe, anafanya nini peke yake. Ulitaka ajibu kwamba kila mchana yuko na sauti ya mke wa kwanza? Mimi ningesema nalala. Na zile dakika mbili kati ya ujumbe na ujumbe, pengine ni uzito wa vidole, pengine anasikiliza. Katika nyumba ambayo mama yako hatajwi wakati wa kula, na barua yako haina hata sentensi moja ya baba akimtaja, atamjulia wapi mtoto huyu anapenda nini?

Naweza kuwa nimekosea. Sijawahi kukanyaga kwenu. Lakini hata kama nimekosea kuhusu yeye, sikukosea kuhusu diski, na kitufe chako hakiponyi diski. Fikiria tu ungebonyeza. Sauti zaidi ya mia moja sitini na tatu zinafutika kwenye simu yake, unarudi kwenye kabati la viatu, unakuta kisanduku kimenyamaza. Ungekuwa umemfuta mama yako mwenyewe kwa mkono wako, ukiwa na kurasa zilizochapishwa za kuthibitisha kwamba uliyafanya yote kwa utaratibu.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, usizime na kuwasha mashine, usiifungue, usiitikise, usianze kutafuta maelekezo mapya. Ping-han anasema kila safari ya diski hiyo ihesabiwe kuwa ya mwisho, kwa hiyo anza na zile ambazo Anti hajazifikia, na uanze kwa kurudi nyuma, sekunde tisa ziwe za kwanza kutoka. Zinakili kwenye simu yako na kwenye diski mpya. Halafu nakala nyingine ikakae nje ya nyumba yenu, kwa mtu. Najua hupendi neno hilo, mtu. Kitu ulichokiweka mahali pamoja tu bado hujakihifadhi.

Kumbukumbu za mashine, kama umeshazichapisha, zichane. Msimamizi anazisoma kukiwa na hitilafu. Kusoma kila jioni nani wa nyumbani kwako amefungua nini ni kuchungulia dirishani, na wewe ndiye uliyelitengeneza dirisha. Waambie baba na Anti kwamba ulikuwa unasoma. Utaona haya. Ona haya, utapona. Na nenosiri la msimamizi mpe baba yako kwenye karatasi, maana siku ukiugua wewe hakuna atakayeweza kufungua kitu humo ndani.

Szu-chi msalimie, mwambie kuku naye ana akili zake.

Kisha kesho, Jumapili, usiite mkutano. Ngoja saa saba na dakika ishirini. Kaa karibu na Anti, umkaribishe chai kama unaweza kuitoa sauti kwenye kiti, na usimwulize anafanya nini. Ulipoandika zilibaki arobaini na tisa, na kwa mwendo wake kesho huenda ni zile za mwisho. Mwulize amefika ya ngapi, umsaidie kumalizia.

Shangazi Kuei