Wimbo wa Kumlaza Joka

Jumatatu, 3 Machi

Wamenipa joka. Joka! Zamani, ile katuni ya nyimbo ilipotiwa sauti za Kiswahili mara ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa binti wa mhunzi, yule anayeliimbia joka mpaka linalala. Sasa inatiwa sauti upya na nimepandishwa cheo: nanguruma. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Lakini habari yenyewe ni hii — binti wa mhunzi ni Kitinda, mwanangu wa mwisho! Walisikiliza wasichana wengi, wakamchukua yeye. Mimi sikumpigia mtu simu. Jamani, sikumpigia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Studio. Wimbo wa sokoni umekwenda vizuri, maneno yanakaa mdomoni mwa katuni kama yalizaliwa humo. Wa dirishani pia. Kisha wimbo wa kumlaza joka. Pale mwisho sauti inatakiwa ipande, ikae. Ya Kitinda inapanda, haikai. Wakarudia, wakarudia. Mwongozaji akaacha kumtazama kupitia kioo cha studio, akawa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Kitinda akatoka anacheka. Nakijua kicheko hicho. Ndicho alichokuwa nacho shuleni akianguka mbele za watu.

Nyumbani akaniuliza: Mama, wewe uliipataje? Nikasema ilikuja tu. Ni kweli. Lakini jibu gani hilo la kumpa mtu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeitwa peke yangu. Nikadhani ngurumo zangu zina kasoro. Mwongozaji akafunga mlango, akaniita dada — huniita dada akiwa na shida yake. Eti binti yako ana kila kitu, mwisho tu ndio unamshinda. Sauti zenu ni moja, damu nzito. Tia sauti yako pale mwisho, fundi wa sauti ataunga, hata mwenyewe hatatambua. La sivyo, itabidi tumchukue msichana mwingine.

"Kwa nini asiambiwe?"

"Aambiwe nini, dada? Kwamba mama yake bado anamshinda?"

Nikasimama mbele ya maiki. Nikaimba. Ikapanda, ikakaa. Mungu nisamehe, nilifurahi! Fundi akaninyanyulia dole gumba. Nilitoka miguu myepesi kama msichana. Kwenye ngazi ndipo moyo ulipozama.

Jumanne, 11 Machi

Kitinda karudi kutoka studio na wimbo wa joka kwenye simu. Kauweka kwa sauti kubwa, kamshika shangazi yake mikono yote miwili. "Niliipata! Kumbe siku ile niliipata, sikujisikia tu!" Shangazi mtu: mtoto wa nyoka ni nyoka — wa joka je? Wakacheka. Mimi nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mume wangu alinitazama tu. Ameisikia sauti yangu bafuni miaka yote hii.

Sasa Kitinda yuko chumbani kwake, anaimba pamoja na simu. Ukuta mwembamba. Wakifika mwisho, mimi wa kwenye simu napanda, yeye anabaki chini. Anarudisha. Tena. Sasa kaizima, anajaribu mwenyewe. Inapanda... inatetemeka —

Imekatika.

Kaiwasha tena, pale pale pa mwisho tu. Mara moja. Kisha kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta mshono kwenye nguo.

Mlango wake umefunguka. Sasa anagonga wangu.

"Mama, una nafasi?"

Nimesema ingia.