Huyu Rehema wa Kitabuni Ni Mimi

Jumatatu, 2 Juni

Upepo tangu alfajiri. Nimepepeta maharage peke yangu hadi saa sita. Vijana wa Malangali wanapepeta debe moja wanakaa chini wanashika simu. Mimi nina miaka sabini na kitu na sijakaa.

Baada ya chakula nimesoma. Ni kitabu cha Mama Gasto, yule mjane anayeuza migebuka sokoni. Hadithi ya mapenzi. Si ya zamani, ya siku hizi, watu wana simu na bodaboda. Nilimkuta anasoma nyuma ya meza ya samaki, miwani puani. Nikamwambia hata mimi nasoma chochote. Akaniangalia. "Mzee wangu, hiki hukiwezi, kirefu." Nimekichukua kwa sababu hiyo tu.

Nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, cheti ninacho. Siwezi kushindwa na kitabu cha mwanamke wa samaki.

Jumatano, 4 Juni

Nasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari. Bila sauti maneno hayaingii. Leokadia, mke wa mwanangu, anajifanya anaosha vyombo. Nikifika pazuri vyombo vinanyamaza. Leo amesema, "Baba, rudia hapo, sijasikia." Alisikia vizuri sana.

Kuna msichana, Rehema, muuguzi Dodoma. Kuna mwanaume, Fadhili, anajenga barabara. Mabega mapana, maneno machache. Nimejiona hapo mara moja. Nilikuwa hivyo. Bado niko hivyo. Nimemwambia Leokadia. Amesema ndiyo Baba, akarudi kwenye masufuria.

Mwandishi ni mwanamke. Anajua kazi yake. Ameandika vumbi la barabara mpya mpaka nimekohoa.

Jumamosi, 7 Juni

Habari mbaya.

Nimekwenda kununua samaki. Samaki nilikuwa nao nyumbani. Mama Gasto kasema mwanawe Gasto anakuja tarehe ishirini na moja kumchukua, arudi ziwani Kasanga. Gasto hana mtu wa kusimamia dagaa. Na huku juu baridi, anasema mwanawe, mama atakufa na kifua.

Nimesimama na mgebuka mkononi. Nikasema, "Safari njema." Safari njema! Wiki mbili kabla ya safari. Mdomo wangu siku nyingine una akili ya kuku.

Sitaki aende. Nataka kumwoa. Nimeshaandika, basi.

Fadhili leo kaharibu. Kamkosea Rehema, akaenda kwake, akaomba msamaha akilia, akampikia chapati. Huyo si mimi. Mabega tu ndiyo tunafanana.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamua. Nitaoa kwa heshima, kama ukoo wetu.

Babu yangu aliyeyusha chuma. Tanuri lake la udongo lilikuwa refu kuliko nyumba, na majembe yake yaliposea wanawake wa Ufipa nzima. Wa nchi yote, nimesema. Kwetu mshenga anapeleka jembe jipya mlangoni kwa mwanamke. Hasemi mengi. Mwanamke akiliingiza ndani, amekubali. Likirudi, amekataa, na mwanaume hafungui mdomo tena juu ya jambo hilo. Ndiyo heshima yenyewe.

Mshenga ni Kizito, rafiki yangu, fundi mwashi. Amelalamika. "Dismas, siku hizi watu wanapiga simu." Nimemwambia wewe beba jembe.

Nimetia mpini mwenyewe. Mpini kama huo hutaupata Sumbawanga nzima.

Jumatano, 11 Juni

Limeingia ndani!

Kizito amenihadithia mara nne, nimemlazimisha. Alifika, akapiga makofi ya salamu, akaegemeza jembe mlangoni. Akasema, "Mzee Dismas amekuletea jembe." Basi. Mama Gasto akasema, "Jamani, mwambie nashukuru sana." Akalishika. Akaliingiza ndani kwa mkono wake mwenyewe.

Nani aliyesema mimi nimezeeka?

Jioni nimesoma. Hapa nimeshtuka. Rehema, tangu mama yake afariki, anakula amesimama. Anashika sahani karibu na jiko, anakula haraka, anaosha, anakwenda zake. Kukaa mezani kunamkumbusha kiti cha pili.

Mimi nakula nimesimama tangu mke wangu Veneranda afariki. Sijamwambia mtu. Leokadia huwa ananiletea kigoda, nasema mgongo unauma.

Nani alimwambia huyu mwandishi? Nimefunga kitabu, nikatoka nje kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa salama.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepita sokoni. Mama Gasto amesema, "Asante kwa jembe, Mzee, limenifaa kweli." Mbele za watu! Ana ujasiri. Nimejibu kidogo tu, kama mwanaume aliyeposa anavyopaswa.

Nimerekebisha bawaba ya mlango. Nimeziba upepo wa dirisha la chumbani kwa udongo na majivu. Leokadia anauliza kuna mgeni gani. Nimemwambia angalia uji wako.

Rehema naye ana furaha. Anapiga pasi sare mara mbili kwa sababu Fadhili atapita zamu ya asubuhi. Sasa mimi, mzee mwenye wajukuu, nafanana na binti wa Dodoma anayepiga pasi! Nimecheka peke yangu. Lakini shati langu leo limepigwa pasi.

Jumatatu, 16 Juni

Amerudisha.

Nilikuwa uani. Amekuja mwenyewe, akapiga goti kidogo, akaweka jembe chini. Ameliosha. Linang'aa. Na juu yake migebuka minne imefungwa kwenye gazeti. "Nimemaliza, Mzee. Mungu akubariki." Akaondoka.

Nimemaliza! Ndivyo wanavyosema siku hizi mtu akikukataa?

Na samaki wa nini? Wa kunifuta machozi? Sili. Leokadia amewakaanga na kula na watoto. Nilisikia harufu mpaka chumbani.

Jumanne, 17 Juni

Sijatoka. Sijasoma.

Kizito kaja, nimemwambia naumwa tumbo. Kasema hata yeye angeumwa.

Jumatano, 18 Juni

Nimechukua kitabu kwa hasira. Nilitaka kumrudishia mwenyewe, lakini mimi siachi kazi katikati. Sijawahi.

Sasa Rehema. Fadhili amepelekwa kazini mbali, kusini huko. Rehema amemtumia ujumbe. Tiki mbili, zimekuwa za bluu, maana yake kausoma. Hajibu. Basi binti anakaa na simu. Anailaza kifudifudi ili asiione, halafu anaigeuza. Anajiambia ameachwa. Anajiambia yuko mwingine. Anaandika "habari" anafuta. Siku zinakwenda. Kurasa zinakwenda! Hampigii!

Nimepiga kelele. Nimemwambia mpumbavu wewe, piga simu, uliza! Utakufa na kiburi! Leokadia kaingia mbio na mwiko.

"Baba, unamgombeza nani?"

"Rehema."

"Anakusikia?"

"Hasikii. Ana kichwa kigumu."

Leokadia akashusha mwiko. Akasema, "Masikini. Kama angekuwa wa ukoo huu tungemwelewa." Akatoka.

Nimekaa. Nimesoma ukurasa ule tena, polepole, mdomo umefungwa. Na umeingia.

Mimi nimemuuliza nini Mama Gasto? Sijamuuliza kitu. Nimetuma chuma na mpini. Nikarudishiwa chuma na mpini. Neno moja halijapita kati yetu, na mimi nimelala siku mbili kama mgonjwa. Nilikuwa najitafuta kwa yule mwenye mabega. Kumbe niko kwa huyu mwenye simu kifudifudi.

Na ajabu ni kwamba mwandishi hamcheki. Hamsemi vibaya hata mahali pamoja. Anamweka tu pale, na kiburi chake, na sahani yake ya kusimama, mpaka unampenda. Mimi nilimpenda Rehema kabla sijajua ni nani. Mtu aliyeweza kuandika hivyo ana moyo mkubwa. Nampa mkono.

Lakini desturi. Aliyerudishiwa jembe hafungui mdomo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda mpaka lango la soko. Nimenunua chumvi. Nimerudi.

Chumvi ipo nyumbani ya kutosha mwaka.

Woga. Mimi, niliyemfukuza fisi kwa mwenge bondeni Msanzi. Naandika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho Gasto anakuja. Sijamaliza kitabu. Sijui kama Rehema ataishia kuuliza au ataoza na simu yake. Sikutaka kusubiri kuona. Nimekwenda.

Soko lilikuwa na watu. Nilifika mezani, nikasema yote kwa pumzi moja, kwa sauti, maana nikiogopa napaza sauti.

"Mama Gasto, mimi nilikuposa, wewe umenikatalia, sasa nataka uniambie mwenyewe kwa mdomo wako kwa nini."

Muuza nyanya wa jirani akaacha kupanga nyanya.

Mama Gasto akavua miwani. "Umeniposa lini?"

"Jembe!"

"Jembe lipi? Lile la kuchimbia viazi?"

Kumbe. Mtu wa ziwani, ameishi huku tangu mumewe afariki, nani alimfundisha habari za majembe ya babu yangu? Anasema kule kwao mtu akikuletea jembe unalima. Aliona nimegundua amechelewa kuchimba viazi. Akasema huyu mzee ana roho nzuri. Akachimba viazi vyote, akaliosha, akarudisha na samaki wa shukrani. "Na ulivyoninunia uani pale, nikasema labda samaki hawakutosha!"

Akacheka mpaka akashika meza. Muuza nyanya naye. Kizito alikuwa kwa muuza tumbaku, naye akacheka, mshenga wa bure kabisa.

Sikuondoka. Zamani ningeondoka.

Alipomaliza kucheka akaniuliza taratibu, "Na kitabu? Umejiona nani humo?" Nilikuwa na Fadhili mdomoni, tayari. Nikasema, "Rehema." Hakucheka. Akapanga samaki waliokwisha kupangwa. Akasema, "Mimi nilipomsoma Fadhili nilijiona. Anapita katikati ya mambo, haoni kitu, mpaka mtu ampigie kelele."

Basi nikauliza vizuri. Kwa maneno. Nikasema nataka tukae pamoja, usiende Kasanga. Hayo tu, lakini yalikuwa mazito kuliko gunia la mahindi.

Amesema, "Gasto aje kwanza. Yeye nimwambie mimi, si mtu mwingine."

Hakusema hapana. Wala hakusema ndiyo. Nimerudi kwa miguu, sikuona njia.

Jumamosi, 21 Juni

Gasto amefika mchana na pikapu, nyuma makreti matupu ya mizigo ya mama yake. Mtu mkubwa. Mikono ya kuvuta nyavu. Walizungumza ndani, yeye na mama yake, mimi nilikuwa kwangu nachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Jioni akaja peke yake. Shikamoo. Marahaba. Akakaa, akatazama ukuta, dirisha, paa. Akasema, "Mzee, mama yangu anaogopa baridi. Nyumba hii ina joto?"

Nikamwambia matofali haya nilifyatua mwenyewe na kuchoma mwenyewe, hakuna tanuri lililotoa matofali kama haya kutoka hapa mpaka Kaengesa, na upepo hauna pa kupita. Nikamshikisha ukuta. Akashika. Kwa kweli ulikuwa baridi, ni Juni. Hakusema.

Akasema tu, "Nilishamwandalia chumba kule."

Nikatafuta la kujisifia, sikupata. Nikamwambia utakuwa unakuja. Akasema atakuja. Macho yake yalikuwa mekundu, nikamwambia Leokadia moshi wake umezidi.

Jumatano, 25 Juni

Gasto alishuka Kasanga Jumapili. Makreti matupu vilevile.

Nimemaliza kitabu. Rehema aliuliza. Lakini alichelewa kuliko mimi, kurasa arobaini zaidi. Nimemwambia Mama Gasto hivyo, kasema hata kwenye hili nataka kuwa wa kwanza. Ndiyo. Mimi ni wa kwanza.

Mwisho ni mzuri. Hakuna harusi kubwa. Wanakaa kibarazani, mmoja anamenya chungwa. Mwandishi aliacha hapo. Nilidhani kurasa zimechanika, nikahesabu. Hazijachanika. Nikasoma tena, nikaona alikuwa na haki. Mtu mwingine angeongeza ngoma na pilau. Yule mwandishi anajua pa kunyamaza, mimi hilo silijui.

Nitasoma kingine. Mama Gasto anavyo.

Jumapili, 29 Juni

Misa ya kwanza. Baridi, watu wamejifunga mablanketi mabegani.

Mwisho wa misa wametangaza ndoa zinazokuja. Tangazo la kwanza kati ya matatu. Vijana wawili wa kwaya, halafu mwalimu na mchumba wake, halafu mimi. Jina langu, jina la baba yangu, mgane. Jina lake, mjane. Vichwa viligeuka. Nilitazama mbele tu. Yeye alikuwa upande wa wanawake, sikumtazama.

Nje hakuna aliyecheka. Wengine walinipa mkono.

Mchana nimelala kidogo. Jioni amepita barabarani na ndoo ya maji kichwani. Hakuingia, maana bado. Akasimama usawa wa mlango. Akapunga mkono. Nikapunga.