Maji ya Newala

Mama Anjela wangu,

Salamu kutoka Newala, na watoto wape marahaba zao. Nilipokuwa nikipanda mlima na lori, mshale wa joto la injini ulipanda na kushuka ovyo. Nikamwomba mama mmoja aliyekuwa akipita maji ya mtungi wake nijaze rejeta, kama nilivyozoea huko Lulindi. Akakataa: "Baba, maji haya nimeyabeba kichwani tangu bondeni. Tafuta kwanza yanapovujia."

Nikaingia chini ya lori, nikakuta mpira wa rejeta umepasuka. Nilipoukaza kwa kipande cha tyubu, ndipo akanimiminia. Mshale ukatulia, lakini mimi nikakosa raha kwa kukukumbuka. Kila jioni huniwekea maji ya kuoga, nami sijawahi kukuuliza unayateka wapi. Nikirudi, nionyeshe njia.

Mumeo, Baba Anjela