Pete ya Apolonia

Mama Zakia, Apolonia wangu ameungua kidole hadi mfupa!

Alikuwa anafungua nyaya za redio ya mawasiliano kwenye gari la mgodi. Fundi mkuu akamwambia avue pete, akajibu, "Mama kanikataza." Ni kweli nilimkataza! Nilisema wanaume wa machimbo wakiona kidole kitupu watamsumbua.

Pete ikagusa ncha chanya ya betri na bodi ya gari kwa pamoja, umeme ukapita ndani yake. Ikawa nyekundu kwa moto ikiwa kidoleni. Alipiga yowe, wenzake wakacheka: "Ndoa imeshika moto, shemeji!" Wakacheka, Mama Zakia! Pete wameikata kwa koleo.

Mumewe kanipigia nikiwa hapa hospitali. Swali la kwanza: "Pete iko wapi?"

Zakia anaanza kazi hiyo Jumatatu. Mwambie avue pete, acha mumewe anune.