Nyota Moja kwa Gemu la Mfongo

Moshi, 11 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Sifael,

Natumaini hujambo na joto la Dar halijakumaliza. Huku sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini yakishapata jua anateremka kihambani, shambani kwetu kwenye migomba, kukata majani ya ng'ombe, na ukimkataza anakuuliza ng'ombe atakatiwa na nani. Anakusalimia sana.

Gemu ulilonitumia nimelipata. Nimelicheza mchana hapa kwenye kibanda changu cha kuchezesha gemu, wateja wakiwa kwenye mashine zao wanagombania mpira. Kwanza nikupongeze. Migomba ni migomba kweli, na sauti ya maji ni yenyewe. Aliyekulia Uru akifungua tu ataujua huu mfongo, mfereji wetu wa kugawana maji, kabla hajasoma neno.

Sasa maoni uliyoomba, bila kuficha. Maji yanakuja upesi mno. Mchezaji anafungua kizuizi, maji hayo hapo. Anafungua cha pili, ameshinda. Tulipolichora gemu hili kwenye daftari, mimi na wewe, raha yote tuliiweka kwenye kusubiri zamu. Jirani wa juu hajafunga, migomba yako inanyauka, na wewe unaamua kuomba, kuiba au kuvumilia. Hilo limepotea. Halafu maelezo ni mengi. Mwache mtu akosee, atajifunza mwenyewe. Uzito nao: megabaiti mia tisa! Watu wangu huku wanafuta picha za harusi ili wapate nafasi ya gemu moja. Nimelijaribu kwenye simu ya Gladys, fundi cherehani wa mlango wa pili, ikachemka kama pasi na kuganda hatua ya pili. Mtu akishapoteza bando lake mara moja harudi tena.

La mwisho si la ufundi. Mwisho wa gemu, panapoandikwa waliotengeneza, nimeona jina lako tu.

Dada yako,
Aika

&nbsp;

Dar es Salaam, 25 Februari 2024

Dada Aika,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie Mama nitamletea dawa ya kuchua magoti Pasaka, na asiende kihambani kabla umande haujakauka. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa wa shida kwa kazi hii.

Asante kwa maoni. Januari, mwenzangu wa hapa ofisini, kijana wa Kahe anayeniandikia programu, naye analalamika habari ya uzito na ya kusubiri, utadhani mmekaa kikao. Lakini nyinyi hamjui duka la mtandaoni lilivyo. Humo kuna gemu maelfu kwa maelfu. Mtu akipakua la kwako na kukaa dakika moja hana la kufanya, analifuta na kuhamia jingine. Picha nikizipunguza, halitang'aa kwenye tangazo, na lisipong'aa hakuna atakayelibonyeza.

Kuhusu jina, duka lina nafasi ya mtengenezaji mmoja. Na lile daftari, dada, tulichora tukiwa watoto. Kuchora si kutengeneza. Wewe ni hodari wa gemu za mpira na wa kufufua pedi za kuchezea zilizokufa, hakuna anayekufikia Moshi nzima. Haya mengine niachie mimi.

Msalimie Gladys, umpe pole ya simu.

Mdogo wako,
Sifael

&nbsp;

Moshi, 2 Juni 2024

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima, mvua zimekwisha vizuri, kahawa imebeba.

Hongera, gemu limetoka. Pasaka hukuja, lakini jina lako lilifika. Jumapili iliyopita kanisani Mama alisimamishwa apongezwe, watu wakapiga makofi. Wateja wangu wote wananiuliza kama Sifael wa kwenye gazeti ni mdogo wangu kweli, na mimi nawajibu ndiyo.

Nimeona kuna mtu kaandika maneno makali kule dukani, kakupa nyota moja. Usiyatilie maanani.

Aika

&nbsp;

Dar es Salaam, 23 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama hajambo. Mimi afya ninayo, amani sina.

Yale maneno uliyosema nisiyatilie maanani yamenimaliza. Aliyeandika anajiita Mkulima wa Chini. Watu zaidi ya mia nne wamebonyeza kwamba yamewasaidia, kwa hiyo yamekaa juu kabisa. Kila anayefungua ukurasa wangu anakutana nayo kabla ya picha. Waliopakua wiki hii ni robo ya wale wa wiki ya kwanza. Watu wa maonyesho ya gemu ya Nairobi, walionialika mwezi wa nane, wameniuliza kwa ustaarabu kama ninapanga kulirekebisha. Bado wanasema nafasi yangu ipo, ila naona wanavyopunguza sauti.

Na kinachoniuma ni kwamba anajua. Anajua maji ya mfongo huenda kwa zamu. Anajua gemu linaganda hatua ya pili. Mtu wa nje hawezi kujua hayo yote, na ndani ya ofisi aliyekuwa akiniambia hayo kila siku ni mmoja.

Nilimuuliza Januari mbele ya wenzetu wote. Akasema si yeye. Nikamwambia, "Mwenzio ninakula nawe sahani moja, na wewe unanichimbia." Alichomoa waya wa kompyuta yake, akauzungusha taratibu mkononi, akaondoka. Nasikia amerudi kwao Kahe. Sijui kama nimeshinda kitu.

Wewe tu ndiye ninayeweza kumwambia haya.

Mdogo wako,
Sifael

&nbsp;

Moshi, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Sifael,

Mama hajambo. Mengine ya salamu niruhusu niyaache leo.

Mkulima wa Chini ni mimi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi wiki hii, na kila nikifika kwenye ule waya wa Januari nafunga kompyuta. Sina namna ya kulisema likawa jepesi, kwa hiyo nakueleza lilivyokuwa.

Siku Mama aliposimamishwa kanisani, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilimshika mkono ainuke kwa sababu ya magoti. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga. Tulipotoka nje, Doris, yule tuliyesoma naye shule ya msingi, akaniuliza kwa wema kabisa, "Na wewe Aika, hujawahi kujaribu kutengeneza la kwako?" Nikamjibu, "Mimi ni wa kukarabati tu." Nikacheka naye. Nikashuka mjini, nikafungua kibanda, nikakaa kwenye kompyuta, na saa nane mchana nikafungua akaunti kwa jina lile. Nikaandika yote niliyokuwa nimekuandikia Februari, safari hii bila upole. Kisha nikaongeza la uongo, kwamba aliyetengeneza gemu hili hajawahi kushika jembe wala kufungua mfongo. Nilijua ni uongo. Ulijikata mguu na jembe pale pale mfongoni ukiwa na miaka tisa, na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni hadi barabarani.

Nilipobonyeza kutuma nilisikia raha, Sifael. Sitakuficha. Watu walipoanza kuyakubali maneno yangu nilikuwa nahesabu. Mia moja, mia mbili. Nikajiona nami nimetengeneza kitu.

Kuna la nyuma zaidi. Nafasi ya chuo cha kompyuta niliipata mimi kabla yako. Watu wote wanajua niliiacha baba alipofariki ili nibaki na Mama, nami nimewaacha waamini hivyo miaka yote. Ukweli ni kwamba Mama alinifungia begi nirudi chuoni, akanisindikiza mpaka stendi. Niliogopa. Darasani wenzangu walikuwa wanajua mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Niligeukia njia nyingine, nikarudi nyumbani. Miaka minne baadaye ukaenda wewe, hukuogopa, na tangu hapo kila ukifanikiwa kuna kitu kinanibana hapa kifuani, nakiita furaha mbele za watu.

Yale maneno sijayafuta, maana kuyafuta ni kujificha mara ya pili. Nimeondoa ule uongo, nimeandika jina langu kamili, na nyota moja nimeifanya tatu. Tatu ndiyo kweli yangu. Januari nitamtafuta mwenyewe.

Aika

&nbsp;

Moshi, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Wiki ya saba hii sijapata neno kutoka kwako. Mama anauliza mbona hupigi simu siku hizi. Namwambia una kazi. Kwa hiyo nimeshakuwa mwongo kwa niaba yako pia. Kahawa tumeanza kuchuma.

Nimekwenda Kahe. Januari nilimkuta kwenye shamba la vitunguu la mjomba wake, suruali imekunjwa, anangoja maji. Kule nao ni zamu, na wao ndio wa mwisho kabisa, baada ya sisi wote wa juu. Nilimwambia mimi ni nani na nilichofanya. Alisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Dada, wewe umeomba msamaha wa kosa lako, nimekusamehe. La Sifael bado lipo pale pale alipoliacha." Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira.

Baadaye alinikaribisha nyumbani kwao, mama yake akanipa wali na maharage, naye akanionyesha kitu kwenye kompyuta yake. Kabla hujamfukuza kwa maneno yako, alikuwa ameanza kulipunguza gemu kwa muda wake mwenyewe, akikusudia kukushangaza. Ni megabaiti mia na kumi. Amepunguza picha za migomba kwa ujanja ambao jicho halitambui, na linakwenda laini hata kwenye simu ya mama yake. Hata yeye nilimwonea wivu kwa robo saa nzima. Mwone dada yako alivyo.

Kuna jambo nataka kukuomba, na sina haki ya kuomba. Huku watu hawapakui, wanarushiana simu kwa simu. Mmoja akiwa nalo kwenye simu, jioni mtaa mzima wanalo, bila bando. Duka lako la mtandaoni haliwaoni watu hawa, na wao hawalioni. Tukipata ruhusa yako na mafaili, Januari atamaliza kulipunguza, mimi nitarudisha kusubiri zamu kama tulivyochora, na kibanda changu kitaligawa bure kuanzia hapa mjini mpaka Uru na Kahe. La dukani libaki lako lilivyo.

Ukikataa nitaelewa. Usiponijibu kabisa, hilo ndilo sitalijua la kulifanya.

Dada yako,
Aika

&nbsp;

Dar es Salaam, 29 Septemba 2024

Dada Aika,

Shikamoo. Mama nimeshampigia, ameniambia magoti yamepata nafuu. Hakuniuliza kitu, na nadhani anajua.

Nairobi nilikwenda. Walinipa meza karibu na mlango. Watu walicheza, wakasema ni zuri, wakapita. Mwanamke mmoja alifika hatua ya tatu, akaniuliza kwa nini gemu la kugawana maji halina mtu wa kugombana naye. Nikamjibu kwa maneno yako ya Februari, habari ya jirani wa juu.

Nilikasirika sana, na sehemu ya hasira ipo mpaka leo, sitakudanganya. Lakini na mimi nina la kusema. Kwamba duka lina nafasi ya jina moja ni kweli, ila ule ukurasa wa mwisho wa gemu ni wangu, ningeweza kuandika kijiji kizima. Niliandika jina lako na la Januari. Yalikaa pale siku mbili, nikalifuta la kwako, kisha nikafuta na la Januari ili la kwako lisionekane limefutwa peke yake. Tulipokuwa watoto nilikuwa nashika pedi ukishachoka wewe. Kila kitu nilikipokea kutoka mkononi mwako kikiwa bado na joto. Nilitaka kimoja kianzie kwangu. Na hicho nacho nilijua hakikuanzia kwangu, ndiyo maana sikuweza kuliangalia jina lako.

Januari nimempigia. Mara ya kwanza alikata. Mara ya pili alinisikiliza, nikamwomba radhi, akakubali. Kurudi Dar amekataa. Ofisini nimewaita wale wale waliokuwepo siku ile nikawaambia nilimsingizia.

Mafaili yote nimekutumia leo. Fanyeni mnavyoona. Ukurasa wa mwisho nimeuacha mtupu. Majina yaandike wewe, na uyapange wewe. Sitauliza.

Mdogo wako,
Sifael

&nbsp;

Moshi, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Sifael,

Sisi hatujambo. Mama amepata dawa uliyotuma, anajichua na kulalamika harufu. Nami nimepata mafaili.

Januari amekuja Moshi mara tatu, tumekaa kwenye kompyuta ya kibandani tukabishana hadi Gladys akaja kuuliza kama kuna ugomvi. Tumemaliza jana. Kwenye hatua ya nne mchezaji anasubiri zamu yake dakika tatu kamili, na jirani wa juu anaweza kumdanganya. Leo mchana nimelirusha kwenye simu ya kwanza. Hadi nafunga, lilikuwa kwenye simu thelathini na moja ninazozijua.

Majina nimeyaandika. Ni matatu: Aika, Januari, Sifael. Mtu akikuuliza kwa nini la dada yako limetangulia, mwambie tumefuata alfabeti. Atakuamini, kwa sababu inaonekana hivyo hivyo. Ila wewe nisikudanganye. Nililiweka la kwangu juu kwanza, nikakaa nikiliangalia tangu saa nne hadi mchana, na habari ya alfabeti niliikumbuka baadaye.

Dada yako,
Aika