Kadi ya Kumwona Mama

Jumatatu, 14 Julai 2025

Sijamwambia mtu yeyote: hii kadi ya Wi-Fi siitafuti kwa ajili ya maombi ya chuo. Baba anaamini ni ya chuo, ndiyo maana amekubali kuinunua. Nataka kumwona mama.

Mama yuko Sengerema, ng'ambo ya ziwa, kwa mdogo wake, mama mdogo Evelina, tangu alipoachana na baba nikiwa kidato cha tatu. Baba akilazimika kumtaja husema "yule wa ng'ambo". Mwezi uliopita mama alipasuliwa uvimbe wa shingo. Sauti haikurudi. Nikimpigia kwa kiswaswadu changu, simu ya vitufe isiyo na video, nasikia pumzi tu. Kuazima simu kubwa ya jirani siwezi — hapa Mkolani habari ingemfikia baba kabla sijakata simu.

Jumatano ya wiki ijayo anapasuliwa tena. Mama mdogo anasema daktari hajaahidi kitu.

Imebaki hii laptop ya mtumba. Na kadi yake ya mtandao imekufa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda Mkuyuni kwa fundi Revocatus. Niliongea kwa sauti ndogo mpaka akaniuliza kama nimekuja kuungama. Wateja wakacheka. Nilitamani kuondoka!

Akafungua laptop, akachomeka kadi mpya, ya kasi sana. Laptop ikawaka, ikaandika kwamba kadi hiyo hairuhusiwi, ikagoma kabisa.

"Hizi laptop bwana! Zinakubali kadi za kwao tu. Kama wakwe, binti. Mgeni hapiti mlangoni."

Akatafuta kadi ya kampuni ileile, akaitoa kwenye laptop nyingine iliyovunjika kioo. Ya zamani kidogo. Akabana viwaya viwili vya antena, cheusi na cheupe, kwa ukucha. Dukani mtandao ukajaa! Nimerudi nyumbani karibu nakimbia.

Jumamosi, 19 Julai

Hakuna kitu.

Mwalimu Byabato, jirani yetu wa chini, alinipa neno la siri la Wi-Fi yake. Niliomba kwa ajili ya chuo — naye nimemdanganya. Lakini kati ya kwake na kwetu kuna jiwe, lile kubwa kuliko nyumba zote mbili. Dukani kwa fundi hakuna jiwe! Mtandao unaonekana, unashika, unakatika.

Mama mdogo akatuma meseji: mama yako kavaa vizuri, anakusubiri tangu asubuhi.

Nimelia jikoni. Baba akauliza kuna nini. Nikasema moshi.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada nilimpigia fundi. Nilijikaza.

"Router ya mwalimu inatoa mawimbi ya aina mbili," akasema. "Ya kasi yanagonga jiwe yanaishia hapo. Ya polepole yanajikongoja, lakini yanafika. Kadi yako inapenda sifa, inakimbilia ya kasi. Ikataze!"

Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua 2.4 tu, yale mawimbi ya polepole. Nikazima na ile ya kubana umeme, maana inailaza kadi. Nikahamia meza ya dirishani.

Vistari viwili. Havikatiki!

Jumanne, 22 Julai

Mchana, baba akiwa kazini, mama akatokea kwenye kioo. Amekonda. Kitambaa cha kijani shingoni.

Nikasema, "Shikamoo mama." Nikasubiri marahaba. Nilisahau! Midomo yake ilicheza, hakikutoka kitu. Mama mdogo akasema kutoka nyuma yake, "Kakuitikia, Rose. Kasema marahaba mwanangu. Usilie sasa, utamliza na yeye."

Nikamwonyesha nywele, zimeanza kusukika tangu nimalize shule. Akacheka bila sauti. Kucheka kwake ni kulekule.

Kisha macho yake yakahama, yakatazama juu ya bega langu.

Baba. Amesimama mlangoni, kofia ya kazi mkononi. Sijui tangu saa ngapi.

Nilijua atafunga laptop. Nikaanza kusema: baba, kesho anapasuliwa, hawezi kuongea, usimgombeze…

"Nimesikia. Sogea, mwanangu."

Sasa niko jikoni, naandika gotini. Mlango wa sebuleni haukufungwa vizuri. Baba amekaa mbele ya laptop, hasemi. Mama hawezi kusema. Mama mdogo nimemsikia akiaga, eti anakwenda kuchota maji. Wameachwa wawili, wanatazamana tu.

Chai imechemka mpaka imeungua. Sithubutu kuingia.

Hatimaye baba amesema, polepole, "Fungua kitambaa. Nikuone hapo walipokukata."

Nadhani mama anafungua. Baba amefunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

Mimi sijaona. Na wewe, daftari, hujaandikiwa kitu. Tafadhali, usimwambie mtu.