Ukuta wa Jikoni

Kitengela,
12 Januari 2025

Kwa mkwe wangu, Baba Naserian,

Mulembe. Habari za Kajiado, na mbuzi, na baba yako na ule mguu wake? Mimi niko mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila asubuhi. Mkeo Sheryl alinipigia juzi kutoka Magadi. Anasema zamu za zahanati ni nyingi na joto linawachemsha yeye na mtoto kama mayai. Nimemwambia avumilie, mshahara hauna kivuli.

Unajua kwa nini naandika na sipigi simu. Simu inaniletea sauti ya mkwe sikioni kama umekaa kando yangu. Barua ina adabu. Gakuru akileta nyama yako huku kila Jumatano, atarudi na barua yangu ndani ya kreti, na wewe utajibu hivyo hivyo. Usijali ikinuka mbuzi.

Sasa neno lenyewe. Sheryl alinifikishia wazo lako la mkahawa na nimelilalia wiki mbili. Ninakubali. Karakana ya marehemu mume wangu Makokha imefungwa miaka mitatu, vumbi la mbao bado liko sakafuni. Shemeji zangu wanataka niipangishe mtu wa simiti, halafu nirudi Kimilili nikae kibarazani nifukuze kuku. Mimi! Nimepikia wasichana mia sita wa bweni kwa miaka ishirini na sita, na siku pekee waliyouliza jina la mpishi ni siku maharagwe yaliungua. Kabla sijafa nataka watu waje kwa sababu ya mkono wangu, wakae chini, wale polepole.

Wewe ulimimina waini miaka tisa kwa hoteli ya Nairobi, kwa hiyo chupa ni zako. Mimi divai ninayoijua ni ya altareni. Mulinge amekubali kuleta gitaa kila Jumamosi. Alikuwa rafiki wa mzee na alimpigia hadi kaburini. Jiko ni langu.

Sharti ni moja. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani wakitafuna, na najua hata kwenu mambo ni hayo hayo. Kwa hivyo wewe mbele, mimi nyuma. Tukishika hilo, tutafanya kazi mpaka nipoteze meno.

Mimi,
Mama Sheryl


Kajiado,
22 Januari 2025

Mama,

Supa. Nakusalimu kwa heshima. Huku tuko wazima, na mguu wa Baba umepoa. Yeye ndiye hajapoa. Nimeuza mitamba mitano, na sasa ni siku ya nne haniongeleshi. Anasema mwanamume huuza ng'ombe kwa sababu ya mahari au hospitali, hauzi kwa sababu ya chupa. Nimemwacha. Hoteli ilipopunguza watu ilichukua kazi yangu, lakini pua haikunichukulia. Naijua waini nikiwa bado mlangoni, na sitakubali hiyo pua izeekee zizini.

Leseni imetoka. Mbuzi nitachagua mwenyewe, wa kwetu, wale wanaokula majani machungu. Tufungue Pasaka ikishapita ili watu wa kanisa wasipate la kusema. Jumamosi tarehe 26 Aprili, unaonaje?

Nimesikia kutoka kwa Sheryl kwamba unaenda Kimilili kwa mazishi ya shangazi yako. Pole sana, Mama. Ukiwa huko nitaleta mafundi. Usijisumbue na chochote. Kuna vitu nilijifunza Nairobi ambavyo Kitengela nzima haina. Ukirudi utashangaa.

Mkweo,
Lemein


Kitengela,
2 Machi 2025

Baba Naserian,

Habari za huko. Mimi ni mzima wa mwili.

Ulisema nitashangaa. Nimeshangaa.

Nilirudi Jumatano nikakuta ukuta wa jikoni umeangushwa kuanzia kiunoni kwenda juu, na meza za wageni zimepangwa zikitazama sufuria zangu kama watu wa mpira. Nilijiambia, huyu kijana hawezi kusahau, labda kuna pazia linakuja. Kuuliza si ujinga, na hapo mimi pia nilikosa, sikuuliza.

Kisha jana. Wageni kumi na wawili wa kuonja, majirani, na wanawake wa jumuiya yangu ndogo ndogo ya kanisani. Niliinua uso kutoka kwa kuku, na nani yuko mbele yangu, hatua tatu? Mkwe wangu, ubavu wa mbuzi umo mdomoni, mafuta yanateremka kidevuni. Na mkwe naye ananiangalia! Wale wanawake waliacha kutafuna, wakatugeuzia macho wote. Nilijifunika uso na aproni nikatoka mlango wa nyuma nikiwa nimeshika mwiko. Nilisimama kwa jirani nusu saa na mwiko wangu kama mwizi. Wali uliungua. Leo baada ya misa Mama Achola ameniuliza, "Kwani siku hizi mnakula na mkwe?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Najua hukutaka kunidharau. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nimefunga jiko. Ufunguo nimempa Gakuru pamoja na barua hii. Naenda Kimilili.

Nelima


Kajiado,
5 Machi 2025

Mama,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kule hotelini wageni walipenda sana kumwona mpishi. Walikaa karibu, wakapiga picha moto ukipanda, na mpishi alikuwa mtu wa Ufaransa ambaye hakuwa mama wa mtu yeyote. Nilichora jiko lako kichwani miezi mitatu. Niliweka moto, nikaweka mwanga, nikaweka sufuria zinazong'aa. Sikukuweka wewe. Hilo ndilo kosa langu.

Na sikupaswa kula pale. Nilitaka kujua ni waini gani inaenda na ule ubavu. Ulipotoka nyuma mimi nilitoka mbele. Nilijikuta barabarani na mfupa mkononi, boda boda wananiuliza kama hoteli inaungua.

Ufunguo nimekataa kuupokea. Gakuru ameufunga kwa kioo cha gari yake, unaning'inia hapo. Ni wako. Nakuomba urudi.

Mkweo,
Lemein


Kitengela,
23 Machi 2025

Mama,

Nakusalimu tena. Natuma hii kwa basi la Kimilili kwa sababu kreti mbili zimerudi bila neno.

Shemeji zako walikuja Alhamisi na futi ya kupimia. Walipima karakana, wakaniuliza simiti itaingilia mlango gani. Niliwaambia mwenye nyumba hayupo na hapa hakuna simiti inayoingia. Mmoja alinikumbusha kwamba mimi ni mkwe tu. Nikamjibu ndiyo, na ni mkwe aliyeshika nyundo.

Kwa maana nimejenga ukuta, Mama. Sikuita fundi, na Gakuru ndiye anayenifungulia kwa ufunguo wako. Nimetumia mbao za mzee zilizokuwa juu ya dari, zile nyekundu alizokuwa ameziweka kwa kazi ambayo hakuna anayeijua. Zimesimama kutoka sakafuni hadi bati. Katikati nimeacha kidirisha cha kupitisha sahani, na kina kifuniko. Kutoka mbele mtu anaona mikono tu. Nimejaribu na Mulinge upande wa pili, na sikumjua isipokuwa kwa pete.

Rafiki yangu wa hotelini amesema anaweza kuja kupika. Ni mpishi mzuri. Nimekataa. Nilimuuzia Baba wazo hili, na Sheryl, na hata wewe, kwa neno moja, mkono wako. Bila huo mkono nitarudisha chupa, nifunge mlango, na nitamwambia Baba alikuwa na haki. Sitaki kumwambia Baba alikuwa na haki.

Nimebakiza wiki tano. Nitangoja zote.

Mkweo,
Lemein


Kitengela,
7 Aprili 2025

Baba Naserian,

Mulembe. Habari za mbuzi na za baba yako? Goti limepata nafuu, hewa ya Kimilili ni nzuri kwa goti na mbaya kwa roho. Kila asubuhi shemeji walikuwa wananiuliza nimelala vipi, kama mgonjwa. Siku ya ishirini nilijikuta nafukuza kuku kibarazani. Nikasimama pale na fimbo, nikajiona. Nikapakia nguo.

Nilikuja Ijumaa, Gakuru akanifungulia. Nimeuangalia ukuta wako.

Misumari yako imepinda, Makokha angekufukuza kazi kabla ya chai. Kidirisha kiko chini mno. Mtu wa futi sita akiinama ataniona mpaka kitambaa cha kichwa. Kiinue shubiri moja. Weka kibao cha kutosha sahani tatu, supu haisubiri moja moja. Nyundo iko chini ya meza ya seremala, ile ya mpini mweusi. Tumia hiyo, ilikuwa ya mzee.

Mbao nimezijua. Alikuwa ameziweka za kunitengenezea kabati la vyombo. Nililia kidogo, halafu nikapiga deki.

Wanawake wa jumuiya wacha waseme. Mama Achola nimempa kazi ya kumenya viazi, sasa anasema akiwa ndani. Na shemeji wakija tena na futi, waambie mwenye nyumba yuko jikoni na ana mwiko.

Tarehe 26. Niletee mbuzi wachanga, si wazee wa baraza.

Mama Sheryl


Kajiado,
29 Aprili 2025

Mama,

Supa oleng! Najua tulikuwa chini ya bati moja Jumamosi nzima kuanzia saa sita mchana, lakini wewe ulikuwa nyuma, kwa hivyo acha nikuambie yaliyotokea mbele.

Viti viliisha saa nane. Watu walikalia mbao za mzee zilizobaki. Mulinge alianza na zile rumba za zamani, na mwalimu mmoja mstaafu kutoka Nkoroi akainuka na mke wake wakacheza wakiwa na sahani mkononi. Waini niliyofikiri hakuna atakayeigusa iliisha kabla ya soda. Mama mmoja aliniuliza ni gani inaenda na ile mboga yako ya mrenda, nikababaika, nikampa nyeupe, akaniambia nisibabaike tena.

Baba alikuja. Sikumwalika, alikuja na Gakuru, kati ya kreti. Unajua wazee wetu hawali kuku, wanasema ni ndege. Alikaa, akaletewa kuku wako kwa makosa, na mimi nilikuwa mbali, sikuwahi kumzuia. Alipomaliza aliuliza, "Huyu alikuwa mnyama gani?" Nikamwambia. Akafuta vidole, akasema, "Leta mwingine." Mitamba mitano, Mama. Amesahau yote mitano.

Halafu watu wakaanza kuita mpishi atoke. Nilisema mpishi wetu hatoki, ni desturi ya nyumba. Wakazidi. Na ndipo mkono wako ukatokea kwenye kidirisha, una unga hadi kiwiko, ukapunga mara moja. Makofi yale uliyasikia. Ulichokosa kuona ni nyuso zao. Nilienda kusimama karibu na friji ya chupa mpaka macho yangu yakauke.

Sasa nina jambo. Mimi ndiye mtu pekee mle ndani ambaye hajui chakula chako kina ladha gani. Tangu ule ubavu sijaonja tena hata chumvi. Nawachagulia watu waini kwa kunusa tu mvuke unaotoka kidirishani. Hiyo si kazi, ni kubahatisha.

Baba ndiye aliyenikumbusha. Huku mtu akimpa mwingine kondoo, na yule akampokea, hawaitani tena kwa majina. Wote wawili wanaitana Paker, maana yake ni sisi wa kondoo. Heshima inabaki, ila woga unaondoka, hata mezani. Kwa hivyo Gakuru anakuletea kondoo jike, mweupe, sikio moja jeusi. Hujalazimika. Ukimrudisha nitaelewa, na ukuta utabaki, na tutaendelea kuandikiana hivi hivi mpaka mwisho.

Mkweo,
Lemein


Kitengela,
8 Mei 2025

Kwako,

Mulembe. Habari za huko, na baba yako? Mwambie kuku wake wa Jumamosi nimeshamchagua.

Kondoo alifika Jumatano. Kufika tu amekula sukuma yangu yote ya kando ya tanki na sasa ananitazama kama anadai chumvi. Nilimpigia simu dada ya Makokha, nikamweleza. Akasema hata kwetu mambo haya yalikuwa na mwisho, watu walipeana kitu mkononi, basi. Ila akasema mtu hapokei kondoo wa watu akabaki mikono mitupu. Nikazunguka karakana nzima nikitafuta cha kukupa. Kiko pale mbele, kiti cha mwisho alichotengeneza mzee, kile hakuwahi kukipaka vanishi. Hakuna mgeni atakayekikalia tena. Ni chako.

Jumatatu hatufungui. Kuja saa saba mchana, na uingie mlango wa mbele. Nitakuwa nimepika kuku, ugali wa wimbi na mrenda. Wewe kaa kwa kiti chako. Mimi nitakaa meza ya pili nikiwa nimekupa mgongo, kwa sababu miaka sitini na moja haibadiliki kwa kondoo mmoja. Ukifika kwa paja, nitageuka. Kidirisha nitakifunga kwa kufuli, ili nisipate pa kukimbilia.

Leta ile chupa unayosema inaenda na kuku. Tuone kama hiyo pua yako imekuwa ikiwaambia watu ukweli.

Ni mimi,
Paker